Mlango wa Kushoto

Siku ninayoikumbuka zaidi, mwanangu, ni ile niliyokabidhiwa gari lililonyooshwa bodi nikaona haya kulikagua. Zilikuwa zama za Mwingereza, nami sijatimiza miaka ishirini.

Mjomba Shomari, aliyenilea Mwananyamala, alikuwa na gari dogo la mizigo. Tulilitumia kubebea mihogo ya mashamba ya Mabibo kwenda sokoni. Upande wa ndani wa mlango wa kushoto, marehemu mkewe, Zena, alikuwa amekwaruza kwa msumari majina ya watoto wao watatu na siku walizozaliwa. Mjomba hakujua kuandika. Hayo ndiyo maandishi pekee ya Zena yaliyobaki, nasi tulikuwa tukiyaona kila siku hata tukaacha kuyaona.

Mjomba akasafiri kwenda Bagamoyo kwenye arobaini ya ndugu yake. Siku hiyohiyo nikaugonga mlango ule kwenye mkorosho, ukabonyea. Nikaharakisha kulipeleka gari Temeke kwa fundi wa bodi, mzee mwenye ndevu nyeupe na maneno laini, ili mjomba akirudi asijue kitu. Habari za maandishi sikumtajia. Haraka ile, ningeanzia wapi?

Siku ya tatu nikaenda kulichukua. Mlango uling'aa kuliko gari lenyewe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Chombo chako hicho. Kikague."

"Nikukague wewe, babu? Adabu gani hiyo?"

Wazee waliokuwa wakinywa kahawa kwenye benchi wakacheka kwa furaha. "Huyu kalelewa huyu! Wengine huja hapa wakachungulia hata chini ya matairi."

Kichwa kikanivimba. Kwetu mtu mzima akikupa kitu unakipokea kwa mikono miwili na kushukuru, hukipekui machoni pake. Nikapandia upande wangu wa usukani, nikaondoka nikipunga mkono, mlango wa kushoto nisiutazame hata mara moja.

Mjomba aliporudi aliufungua mlango, akaufunga, akaufungua tena.

"Huu mlango wa nani?"

"Wako, mjomba."

"Maandishi ya Zena yako wapi?"

Ndani kulikuwa na rangi ya kijani. Wetu ulikuwa wa kijivu. Wala haikuwa rangi mpya: ilikuwa imechakaa kwa kuegemewa na viwiko vya watu tusiowajua.

Tukarudi Temeke. Fundi akauangalia, akaduwaa. "Mlango uliokuja nao ndio nilioupiga nyundo. Na si nilikwambia kagua?" Ukutani ilikuwa imeegemezwa milango mingi. Mjomba akaigeuza mmoja mmoja, na yule mzee akamsaidia huku jasho likimtiririka, akirudiarudia, "Mie mwenyewe sielewi." Wetu haukuwamo.

Mpaka leo sijui. Mwizi hatoki jasho namna ile, lakini mlango nao hauna miguu. Siku nyingine humwona fundi yule kuwa mwongo, siku nyingine humwonea huruma.

Njiani mjomba alisema mara moja tu: "Yule mzee umemstahi. Na Zena je?"

Tangu hapo nimetangatanga sana, Tanga, Morogoro, mpaka Mtwara. Nikiona gari kuukuu la mizigo limesimama, nalizunguka nichungulie mlango wa kushoto. Wenye magari hunifukuza. Na binti wa mwisho wa mjomba, mtu akimuuliza alizaliwa lini, hunitazama mimi kwanza kabla ya kujibu kwamba hajui.

Kwa hiyo, mwanangu, ukikabidhiwa kitu chako, amkia, shukuru, kisha kikague mbele ya anayekukabidhi, hata awe na mvi kiasi gani. Huko si kumdharau, ni kumtoa mashakani yeye na kujitoa wewe. Na kabla ya kukiacha mikononi mwa mtu, mwambie kilicho muhimu kwako, hata kama kwake ni mikwaruzo tu.

Mungu akupe macho yasiyoona haya na ulimi wenye adabu. Na kila utakachokiacha kwa watu kikurudie kikiwa ni chako kilekile.