Geti la Kisugu

Kwenye karakana yetu ya Kibuli, kujua kuchomelea vyuma hakukufanyi fundi. Fundi ni yule anayekwenda kwa mteja kupima. Mimi nilishachomelea madirisha mpaka macho yakawasha kama yametiwa mchanga, lakini kila nikimwomba Hajji, mwenye karakana, anitume kupima, jibu lilikuwa lilelile: "Binti, kwanza nilione geti lako likifunguka."

Nilivuka mpaka wa Busia kuja Kampala na elimu ya darasa la nane na ndoto nyingi. Kwa hiyo Hajji alipopima geti huko Kisugu akaniachia nilitengeneze peke yangu, niliimba wiki nzima. Sehemu ya chini nikakunja nondo ziwe maua. Jamani, niliyapenda yale maua.

Siku mimi na Hajji tulipokwenda kulifunga ukutani, geti likafunguka kidogo tu, likagota. Kumbe baada ya Hajji kupima, mama mwenye nyumba alimwaga moramu uani kuzuia matope. Ardhi ilikuwa imepanda.

"Banange! Geti gani hili linalima?" mama akasema. "Mnataka nipande mahindi?"

Nikamwangalia Hajji. Si yeye aliyeuona ua ulivyokuwa? Akasafisha koo. "Huyu bado anajifunza, nyabo. Mvumilie."

Nilitamani kulia kwa hasira. "Nyabo, hii moramu ilikuwepo Hajji alipokuja?"

"Nimemwaga juzi. Kwani geti linakula moramu?"

Kuligeuza lifungukie nje haikuwezekana, boda boda zinapita palepale ukutani. Nikachukua mashine ya kukatia, nikayakata maua yangu yote. Machozi yalipotoka nikasingizia cheche.

Geti likafunguka mpaka mwisho. Mama akalifungua, akalifunga, akalifungua tena huku akicheka. "Sasa nataka na mlango wa jikoni. Nani atapima?"

"Mimi, kesho," Hajji akadakia.

"Hajji," nikasema, "geti si limefunguka?"

"Limefunguka baada ya kukatwa."

"Na aliyelikata ni nani?"

Akanisukumia futi. "Haya, pima. Lakini utazame na sakafu, unasikia?"

Sakafu! Leo ndiyo anaikumbuka! Siku niliyoiota kwa furaha, nikaingia jikoni nimenuna, mikono imejaa vumbi la chuma. Kabla sijafungua futi nikamgeukia mama.

"Nyabo, huku ndani unapanga kumwaga nini?"