Hotuba Niliyoisahihisha kwa Kalamu Nyekundu

Mwaka niliochukua fomu ya kugombea ubunge nilikuwa nimefundisha miaka ishirini na sita, tisa kati yake katika shule moja ya delta. Kutoka Kibiti unakwenda kwa gari mpaka bandarini, kisha unapanda boti, na boti yenyewe inategemea maji. Shule ilikuwa na madarasa saba na walimu wawili. Yule wa pili alikuwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu aliitwa vikaoni Kibiti kila wiki, kwa hiyo ukweli ni kwamba yalikuwa madarasa saba na mimi.

Sikuchukua fomu kwa kupenda siasa. Nilichukua kwa hasira. Muhula wa kwanza ulipoanza tuliletewa mwalimu mpya, kijana aliyetoka chuoni karibuni. Nilikwenda na wanafunzi kumpokea. Boti ilipofika alitazama matope, akatazama mikoko, akamuuliza nahodha kama boti inarudi siku ileile. Nahodha akamwambia itarudi maji yakijaa. Kijana akabaki palepale, begi mapajani. Tulimpokea akiwa amekaa na tukamuaga akiwa amekaa. Wanafunzi walikuwa wamefagia nyumba yake tangu alfajiri.

Jumamosi nilipokwenda nyumbani Mtawanya nilimwambia mume wangu kwamba nitagombea. Yeye ni mkulima wa korosho na mihogo, na si mtu wa maneno mengi.

"Ubunge?" aliuliza.

"Ubunge."

"Udiwani umejaa?"

"Diwani hapangi walimu."

"Na mbunge anapanga?"

Nilikuwa nimeandika barua wilayani mpaka vidole vikaota sugu, na nilitaka niwe mahali ambapo mtu hawezi kuiweka barua yangu chini ya nyingine.

Nikaomba likizo bila malipo, nikachukua fomu, na tangu siku hiyo sikupata amani. Mtu niliyemfundisha kusoma aliacha kuniita mwalimu akaanza kuniita mheshimiwa, na kila mheshimiwa ilifuatwa na ombi. Vijana walitaka jezi. Msikiti mmoja ulitaka bati, mwingine ulikuwa na maulidi. Mama mmoja alinisimamisha sokoni Kibiti akaniomba nimsaidie sanda, na mgonjwa mwenyewe alikuwa bado hai. Nikimwambia mtu kwamba mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, sina kitu, anacheka, ananipiga bega na kusema, "Mnajua kujificha nyie." Mume wangu alianza kwenda shambani mapema zaidi ili asiwakute wageni uani.

Tulikuwa watia nia watano. Chama kilitupangia utaratibu wa kujinadi: tutazungushwa pamoja, gari moja kwa vijiji vya barabarani na boti moja kwa vijiji vya delta. Kila mmoja dakika tatu za kujieleza na swali moja. Katibu wa chama alikuwa anapima kwa simu yake, na ikilia hapakuwa na mjadala.

Wawili kati yetu sina cha kuwasema. Wa tatu alikuwa mzee aliyewahi kuwa diwani, ambaye alilala kila tulipokaa. Wa nne alikuwa kijana aliyezaliwa na kukulia Dar, baba yake ndiye mtu wa Kibiti. Alikuja amevaa raba nyeupe pee. Nilipoziona nikasema moyoni huyu hanisumbui.

Katika kijiji cha kwanza cha delta nilijiaibisha mwenyewe. Mimi nimezoea kipindi cha dakika arobaini. Nikaanza mwanzo, kama ninavyoanza darasani: shule zetu zilianzaje, nani walizijenga, wanafunzi walikuwa wangapi. Ndiyo kwanza nafika kwenye upungufu wa walimu, simu ikalia.

"Muda wako umekwisha, Mwalimu," katibu akasema.

"Sijasema bado ninachogombea."

"Muda umekwisha."

Wajumbe wa chama, ambao ndio wangetupigia kura, wakacheka, kwa upole, jambo lililonichoma zaidi. Kijana wa Dar akafuata. Akasoma karatasi yake kwa sauti nzuri, akaahidi uwekezaji, fursa kwa vijana na barabara ya lami mpaka pale tulipokuwa tumesimama. Wakacheka tena, lakini yeye hawakumcheka kwa upole.

Tukapanda boti kwenda kijiji kinachofuata. Tulikuwa tumechelewa kwa sababu ya hotuba ya kutukaribisha, ambayo haikupimwa na simu ya mtu, na maji yalikuwa yanakupwa. Nahodha alisema mapema kwamba tutakwama, katibu akamwambia ratiba ni ratiba. Kwenye kona ya mkondo boti ikasugua chini mara moja, mara mbili, ikakaa. Nahodha alijaribu kuisukuma kwa upondo, kisha akauweka chini.

"Tumekaa," alisema. "Mpaka yajae."

Ilikuwa saa tano asubuhi. Watia nia watano, katibu, nahodha na katoni moja ya maji ya chupa, kushoto matope, kulia matope. Diwani mstaafu alijifunika kofia usoni akalala. Wale wawili wakaanza kubishana na katibu kwamba ratiba imepangwa kumpendelea mtu. Mimi nilijitanda kanga kichwani nikageukia mikoko ili nisimtazame mtu yeyote.

Kijana akasogea kwenye ubao niliokalia.

"Mama Mwalimu, samahani. Pale tulipotoka, kwa nini walicheka?"

"Umewaahidi lami."

"Ndiyo."

"Umeona gari pale? Umeona hata baiskeli? Lami hiyo utaimwaga juu ya maji?"

Akatazama raba zake. "Niliandikiwa," alisema. "Kuna jamaa yangu Dar, anajua sana kuandika."

"Lete hiyo karatasi."

Ningeweza kunyamaza. Mtu mwenye akili timamu angenyamaza. Lakini karatasi ilikuwa na makosa, na mkoba wangu ulikuwa na kalamu nyekundu, na mimi nimefanya kazi hiyo miaka ishirini na sita. Nikakata lami. Nikakata uwekezaji. Pembeni nikaandika: nani? wapi? lini umeona?

"Usiwape vitu kumi," nilimwambia. "Wape kimoja, wakione."

"Kama kipi?"

Nikamwambia. Nikamweleza jinsi ninavyosimama mlangoni kati ya vyumba viwili, la tatu wanasoma kwa sauti upande huu, la nne wanafanya hesabu upande ule, na mimi shingo inageuka huku na huku mpaka jioni inauma. Nikamweleza habari ya mwalimu aliyekataa kushuka kwenye boti, na watoto waliofagia nyumba. Alisikiliza vizuri. Nimefundisha watoto wengi na wachache sana wanasikiliza vile. Aliandika, akanisomea, nikamsahihisha, akasoma tena. Maji yalipoanza kuingia chini ya boti alikuwa amekwisha kuishika kichwani.

"Mama," alisema akikunja karatasi, "ningefundishwa na wewe nisingekuwa hivi."

Nikafurahi. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba nilifurahi.

Katika kijiji cha pili kura ya kupanga nani aanze kusema ilimpa yeye nafasi ya pili na mimi ya mwisho. Alisimama bila karatasi. Akasema yuko mwalimu mmoja katika delta hii anayesimama mlangoni. Akaonyesha kwa shingo yake, huku na huku. Akasema juu ya boti na begi mapajani, na ufagio, na watoto waliorudi darasani bila kusema neno. Hilo la mwisho mimi sikumwambia, aliliongeza mwenyewe, na lilikuwa zuri. Safari hii hakuna mjumbe aliyecheka. Alimaliza simu ikiwa bado haijalia.

Nilipofikiwa mimi sikuwa na kitu. Hotuba yangu yote ilikuwa imekwisha kusemwa, tena vizuri kuliko ambavyo ningeisema. Nikasema, "Huyo mwalimu wa mlangoni ni mimi. Kijana huyu nilimweleza mimi kwenye boti." Ukumbi ukaguna. Nilijisikia kama mtoto anayeshitaki kwamba ameibiwa penseli.

Likaja swali. Alisimama mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mjumbe wa kijiji hicho. Nilimtambua kabla hajasema. Alikuwa darasa la nne mwaka niliohamia delta kwa mara ya kwanza, nikiwa bado kijana, kabla sijahamishwa na kurudishwa tena.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Mimi nilikuwa nachelewa shule msimu wa mpunga. Nilikuwa nalala kwenye dungu shambani na bibi yangu, tunafukuza nguruwe. Ulinichapa wiki nzima. Hukuniuliza hata siku moja kwa nini nachelewa. Ukiwa mbunge, utatuuliza?"

Niliwaza majibu mengi. Kwamba wakati ule wote tulichapa. Kwamba nilikuwa mgeni, sijui kama dungu ni kichanja cha kulindia mazao. Yote yalikuwa kweli na yote yalikuwa visingizio.

"Nilikosea," nilisema. "Nilikuwa na wajibu wa kuuliza, na sikuuliza. Nisamehe, mwanangu."

Akakaa. Simu ikalia, na kwa mara ya kwanza nilishukuru.

Kura za wajumbe zilipigwa Kibiti siku chache baadaye. Kijana alishinda. Mimi nilikuwa wa nne. Diwani mstaafu, ambaye alilala delta nzima, alinipita. Yule mwanafunzi wangu alinifuata nje ya ukumbi akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kura yangu nimempa kijana," alisema. "Aliongea mambo ya shule yakaniingia. Lakini wewe nilifurahi ulivyosema."

Nikamwambia asante. Nyumbani mume wangu alikuwa amechemsha mihogo na kuniwekea maji ya kuoga, na hakuniuliza kitu, nami nilikasirika kwamba hakuuliza.

Uchaguzi wenyewe ulipita, kijana akawa mbunge, mimi nikarudi darasani kwangu delta. Siku moja alinipigia. Aliniita mwalimu wangu, akasema anaandaa hotuba yake ya kwanza bungeni, kama naweza kuitupia jicho kidogo.

"Sitaitazama," nilimwambia. "Njoo kwanza usimame mlangoni."

Sikutegemea aje. Alikuja baada ya miezi kadhaa, na mguu mmoja ulizama mpaka gotini alipokuwa akishuka. Wazee walikuwa wameandaa viti na pilau. Nilimpitisha mbele ya viti vile bila kumkalisha, nikampa kitabu cha la tatu, nikaenda kufundisha la nne. Alikaa na watoto wale kipindi kizima. Nilimsikia akianza kwa sauti ile nzuri, kisha akianza kubembeleza, kisha akinyamaza. Alipotoka shati lilikuwa limelowa jasho. Hakusema kitu cha maana, na mimi sikumsaidia.

Baadaye wakaletwa walimu wawili. Kijijini wanasema mbunge ndiye aliyewaleta, na nimechoka kuwaeleza kwamba barua zangu za miaka tisa nazo zilikuwapo. Mmoja alikaa mwezi mmoja akaomba uhamisho. Mwingine yupo. Ni binti aliyetoka kijiji cha Mloka, amekua akifukuza tembo kwenye mahindi ya kwao, na matope hayakumtisha. Amechukua la kwanza mpaka la tatu. Anafundisha kwa makelele. Namsikia ukutani siku nzima akiwaimbisha silabi, na mara nyingi natamani anyamaze. Sijamwambia.