Mkono Usiopinda

Bi Meno, kama mtaa ulivyomwita, alitengeneza meno ya bandia, na ulimi wake haukuwa na breki. Ujanani aliimba kwaya. Kwaya yao ilirekodi santuri moja tu, na wimbo wa mwisho aliuongoza yeye. Nyimbo za mwanzo zilitoka safi. Ikifika zamu yake, sauti ilikwaruza na kupasuka. Kaka yake mkubwa, aliyekuwa mwalimu wa kwaya, akasema koo la dada yake ndilo bovu, akamweka pembeni. Tangu hapo hakuimba mbele za watu, lakini hakukubali lawama hiyo.

Uzeeni alinunua gramafoni kuukuu, na siku moja akiisafisha akagundua jambo. Mkono wa gramafoni, ulioshika sindano, ulizunguka kama mlango kwenye bawaba: mwanzoni mwa santuri sindano ilikaa sawa ndani ya mfereji, karibu na katikati ikakaa upande. Akajaribu santuri nyingine. Kila wimbo wa mwisho ulikwaruza.

Akaapa kuunda mkono utakaokwenda moja kwa moja kutoka ukingoni hadi katikati. Mumewe, fundi viatu, alimkumbusha kwamba watu wa rika lao wanalea wajukuu.

"Wajukuu wana mama zao," akajibu, akaendelea kukata bati.

Reli ilikuwa bomba jembamba la kioo. Juu yake aliweka kigari chenye beringi ndogo za mashine ya meno, kikishika kijiti kifupi chenye sindano. Jaribio la kwanza, kigari kiliteleza kama mtoto kwenye utelezi na kuichuna santuri ya mumewe aliyoipenda, wakanuniana. Akaisawazisha reli kwa pima maji. Kikagoma kusogea: nyaya za kupeleka sauti kwenye spika zilikuwa ngumu, zikikivuta nyuma. Akazing'oa, akatia nyaya za spika ya masikioni, laini kama nywele. Mumewe, kinyongo kimemwisha, ndiye aliyemshikia taa akiunganisha. Kigari kikaanza kutambaa, kikivutwa na mfereji wenyewe.

Ndipo akamwita kaka yake. Mzee aliketi, akaiweka fimbo magotini.

"Miaka yote hii bado una kinyongo?"

"Sina kinyongo, Kaka. Nina ushahidi."

Wimbo wa mwisho wa santuri ya kwaya ukaanza. Sauti ya msichana ikajaa chumba, nyororo, bila ufa. Mumewe akaacha kutafuna. Mahali pamoja mzee aliinua kidole.

"Hapo umeshuka sauti."

"Hapo nimeshuka kweli. Kwingine kote ulinisingizia."

Mzee alikitazama kigari mpaka kikasimama. Akasema basi, yaishe. Bi Meno akakataa yaishie sebuleni. Alishushwa mbele ya watu, naye asafishwe mbele ya watu.

Wanakwaya wa zamani waliobaki walipokutana, kaka mtu alisimama akanong'ona kwamba alikosea. Dada yake akamwambia apaze sauti, walio nyuma hawasikii. Akapaza.

Kisha Bi Meno akasogea mbele, akauanza wimbo ule. Sasa sauti ilikuwa imezeeka, imekauka, inakwaruza kwelikweli. Mmoja wa wanakwaya akakunja uso. Bi Meno akamtazama machoni, akaingia ubeti wa pili kwa sauti kubwa zaidi.