Mlango wa Stesheni ya Bondeni

Mtoto wangu alipoanza kutetemeka mgongoni, niliupiga teke mlango wa chumba cha kusubiri. Sikufikiria. Mvua ilikuwa ikisukumwa na upepo hadi chini ya paa, tulipojibanza wanawake na mikungu ya ndizi.

Mimi na mtoto tulikuwa tunarudi Mbotela, Nairobi, baada ya kumsalimia mama yangu. Kijiji chake kiko bondeni: nyumba chache, mto, stesheni. Mto ukifurika, magari hayavuki. Inabaki treni tu.

Stesheni masta alitoka ofisini na kikombe cha chai.

"Mama, unavunja mali ya serikali?"

"Nifungulie. Mtoto ana baridi."

"Hicho ni chumba cha abiria."

"Kwani mimi ni nani, mbuzi?"

"Abiria ni mwenye tiketi."

"Basi niuzie."

"Tiketi zinauzwa treni ikifika."

Nilidhani ananichezea. Wapi! Mzee alikuwa na sheria mbili na hakuwahi kuzikutanisha. Treni ikishafika, nani tena anataka chumba cha kusubiri? Kupitia dirishani niliona viti vya mbao vinang'aa. Hakuna makalio yaliyowahi kuvigusa.

Mama yangu, aliyekuja kutusindikiza, alinivuta mkono. "Wacha, mwanangu. Sisi tumezoea."

Hapo ndipo nilipochomeka kabisa. Kwetu Mbotela maji yakikatika tunabeba mitungi mitupu hadi ofisini, tunaigonga mpaka mtu atoke.

"Mmezoea kulowa?"

"Mwache aseme!" mwenye ndizi mmoja akadakia. "Mimi miaka yote nilidhani hivyo viti vinamngoja Rais."

Wakaangua kicheko. Masta naye akacheka, halafu akakuna kichwa.

"Lakini kweli," akasema, "mtu angeingia saa ngapi?"

Akatoa ufunguo. Tukaingia na ndizi zetu, na kuku wa mtu. Nilimvua mtoto nguo zilizolowa, mama akamfunga leso yake kavu. Akapata joto, akalala.

"Ni leo tu," masta alisema mlangoni. "Sheria si yangu. Wakubwa ndio wanaweza kuibadilisha."

"Wanajua?"

"Hakuna aliyewahi kulalamika."

"Lete kitabu cha malalamiko."

Alikileta, na kalamu yake mwenyewe. Niliandika huku wanawake wakinichungulia begani na kuniambia, "Kaza hapo!"

"Kwa wakubwa wa reli. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mkazi wa Nairobi. Ninalalamika kwamba katika stesheni hii tiketi haziuzwi hadi treni ifike, na asiye na tiketi haruhusiwi kuingia chumba cha kusubiri. Maana yake hakuna mtu anayeruhusiwa kusubiri humo. Leo watoto na wazee wamenyeshewa nje ya chumba kitupu. Ninaomba mlango ufunguliwe mapema kila siku ya treni, kwa yeyote aliyekuja kusafiri. Masta wenu si mtu mbaya, mpeni ruhusa. Nitarudi tena na mtoto wangu, na tutakaa ndani."