Mayai Yaliyoivia Chumbani Kwangu

Dada yangu alipofiwa na mumewe, aliuza ng'ombe wake wa plau kule Mollo akanunua mashine ya kutotolesha vifaranga. Kwake umeme ulikuwa haujafika, kwa hiyo tuliiweka chumbani kwangu mjini, mtaa wa Chanji. Mimi nilijaza maji na kuangalia joto; yeye alitafuta wanunuzi. Awamu ya kwanza vifaranga walitoka vizuri, naye akaanza kucheka tena.

Awamu ya pili, wakiwa wamekaribia kutoka, nilirudi kutoka sokoni mchana mmoja nikapokelewa na harufu ya mayai ya kuchemsha. Mashine tulikuwa tumeiwekea nyuzi joto thelathini na saba. Sasa kioo chake kilisoma hamsini na tatu. Mlango nilikuwa nimeufunga, na ufunguo nilitembea nao. Hilo ndilo lililonimaliza.

Dada alikuja, akapasua yai moja. Kifaranga alikuwa na manyoya tayari.

"Mdogo wangu, ulibonyeza nini?"

"Sijagusa kitu, dada."

"Basi kagusa nani? Ufunguo si unao wewe?"

Fundi tuliyemwita alizima mashine, akaiwasha. Ikarudi thelathini na saba. Akakaa nayo dukani kwake, haikuyumba hata kidogo. "Hii nzima kabisa," alisema, akanitazama kwa huruma ambayo sikuihitaji. Muuzaji, kwenye simu, alisema mashine zake hazikosei, wanaokosea ni watu.

Mwaka uliofuata mwalimu wa ufundi wa umeme alihamia chumba cha jirani. Nilimsimulia, naye hakushangaa.

"Kumbukumbu ndani ya chipu huweza kugeuka yenyewe," aliniambia. "Umeme ukishtuka kidogo, au chembe ndogo sana ikishuka kutoka angani, namba inakuwa nyingine. Hakuna kinachoungua. Ukizima na kuwasha, inaanza upya na hitilafu inapotea. Mashine za maana hujikagua. Hizi za bei rahisi, aliyezitengeneza hakuhangaika."

"Kwa hiyo naweza kuthibitisha kwamba si mimi?"

"Huwezi. Inawezekana ilikuwa hivyo, lakini haikuacha alama."

Hata hivyo nilikwenda Mollo. Dada alikuwa anapukuchua mahindi na jirani yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiendelea na kazi.

"Yaani mbingu ndizo zimenichemshia mayai?" aliuliza. Alicheka, kisha akamgeukia jirani, wakaendelea kwa Kifipa na habari za mbolea, kama vile nimeshaondoka. Nilisimama pale na baridi ya Ufipa ikinipiga mgongoni, halafu nikaondoka kweli.

Mashine, dada alimuuzia mama mmoja wa Laela. Nasikia inatotolesha bila tatizo, na yule mama anaisifu kwa kila mtu. Kila akiisifu, ananishtaki mimi upya bila kujua.

Siku hizi mimi na dada tunaonana misibani. Namwamkia, "Shikamoo, dada." Anaitikia marahaba, kwa sababu watu wanasikia, kisha anakwenda kukaa upande wa pili.