Njano Ndani, Buluu Mlangoni

Mtaa mzima ulimwita Fundi Njano, na jina lilimkaa. Kila bango alilolipaka lilikuwa la njano kali na maandishi ya buluu: duka la vipuri, kinyozi, hata mashine ya kusaga. Ukimtajia rangi nyingine, alikutazama kana kwamba umemtukania mama yake. "Njano inamwita mtu," alikuwa akisema, "buluu inamwambia alichoitiwa." Na kusema kweli, hakuna aliyepita mbele ya kazi yake bila kugeuka.

Mdogo wake wa kike alikuwa fundi cherehani, hodari wa gauni za maharusi. Alishonea sebuleni miaka mingi, watoto wakimkanyagia vitambaa, mpaka akapata chumba cha duka barabarani. Akamletea kaka yake kipande cha kitambaa cha rangi ya maziwa.

"Kuta ziwe hivi, kaka. Na jina liandikwe kwa kahawia, dogo tu."

"Rangi hii? Watu watadhani wamekuja kuchomwa sindano!" Fundi alicheka mpaka akashika mbavu, akakitia kitambaa mfukoni.

Dada mtu alisafiri kufuata lesi. Aliporudi, alikuta kuta za ndani zinawaka njano na mlango ni buluu tupu. Majirani wamejaa, na kaka yake amesimama katikati yao, rangi mpaka kwenye nyusi.

"Zawadi yangu! Hata asante sitaki!"

Alimkumbatia. Angefanya nini, mbele ya watu wote wale?

Baada ya hapo, kila Fundi alipopita pale alimkuta mdogo wake nje, amesimama na bibi harusi mtarajiwa pembeni mwa barabara, kioo kimeegemezwa kwenye kiti. Waendesha baiskeli walikodoa macho, na binti wa watu alijikunyata kwa aibu.

"Hiyo ndiyo biashara!" Fundi alipaza sauti. "Mnajitangaza bure!"

Mdogo wake alimpungia mkono, pini zimemjaa mdomoni. Naye akaenda zake akipiga mluzi. Mtu mzima, na macho yake mawili.

Wateja wakapungua, kisha wakakatika kabisa. Fundi alilaumu gauni za kukodi, akalaumu hali ya maisha, na siku moja, Mungu amsamehe, alimlaumu mdogo wake mwenyewe. Alimwambia hana uchangamfu wa duka. Dada aliendelea kupiga pasi.

Siku ya kufunga duka, Fundi alikuja kusaidia kuhamisha. Cherehani ilikuwa imeshatoka. Lilibaki gauni moja, limetundikwa ukutani, ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua. Alilishika, akasikitika.

"Hili limezeeka, mdogo wangu. Limegeuka rangi."

"Lipeleke nje, kaka."

Akalipeleka. Juani, gauni lilikuwa jeupe pe. Akadhani macho yamemchezea, akarudi nalo ndani, na papo hapo likawa na umanjano, kama nguo iliyosahauliwa sandukuni. Akajitazama kwenye kioo. Uso wake mwenyewe ulikuwa wa mtu wa kulazwa. Zile kuta zilikuwa zinamwaga rangi yake juu ya kila kilichoingia.

"Kumbe ndiyo maana mlikuwa mnatoka nje," alisema polepole.

"Walikuwa wakijiona humu, wanadhani nimewashonea kitambaa kibovu. Wengine hawakukubali kutoka. Waliondoka tu."

"Si ungepaka upya!"

"Zawadi yako, kaka? Nawe unapita hapa kila siku?"

Angetukanwa, angepata nafuu. "Lakini kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Nilikuletea kitambaa."

Alisema bila hasira, akachukua gauni, akaanza kulikunja. Fundi akapeleka mkono mfukoni, kana kwamba kile kipande kingekuwa bado kimo. Kisha akakumbuka kilikokwenda. Siku ile alipomaliza mlango, alikitumia kufutia brashi.