Kadi ya Mgonjwa Mwenye Kilomita Laki Nne

Shangazi yangu alitoa dawa kwenye dirisha la zahanati kwa miaka thelathini na mmoja, na mtaa mzima humwita Daktari, cheo ambacho hakukisomea wala hajawahi kukikataa. Sasa amestaafu, lakini ukikohoa mbele yake huondoki bila kuandikiwa kitu.

Gari lake nalo limekula chumvi nyingi. Lina kilomita laki nne na ushee, mlango mmoja hufunguka kwa ndani tu, na kila asubuhi hutoa moshi wa bluu. Mwanawe, binamu yangu tunayemwita Meneja kwa kuwa hutembea mikono nyuma hata akienda msalani, alikuwa amelichoka. Jumapili moja akamwambia mama yake mbele yetu sote, "Mama, Jumamosi tunakwenda kwa Bibi mlimani. Ukifika bila kuvutwa, sitalisema tena gari lako. Ukivutwa, Jumatatu anakuja mtu wa vyuma chakavu. Nimeshaongea naye."

Shangazi alikubali. Bila gari lile angekuwa mtu wa kuomba lifti kwa Meneja na kuhubiriwa njia nzima. Nilimwonea huruma kweli.

Kesho yake alilifungulia gari kadi ya hospitali, mimi nikiwa karani. Jina: Bi Mkubwa. Umri: miaka ishirini na sita. Malalamiko: anakunywa oili na hashibi.

Tukaenda kutafuta oili. Muuza vipuri alituletea nyepesi kuliko zote, akasema ndiyo ya kisasa.

"Mgonjwa wangu si wa kisasa," Shangazi akamjibu, akarudisha chupa kwenye rafu mwenyewe.

Jirani yetu dereva wa teksi aliapa kwa ile nzito, inayomiminika kama uji uliopoa. Shangazi akamuuliza, "Na asubuhi injini ikiwa baridi, huo uji utafika juu saa ngapi?" Dereva akakumbuka ana abiria anamsubiri.

Mwisho tukamfuata fundi, ambaye hata hakutoka chini ya gari alilokuwa akitengeneza. "Daktari, chukua oili ya namba kumi-arobaini, ile iliyoandikwa kuwa ni ya injini zilizotembea sana. Si nyepesi sana, si nzito sana, na inalainisha zile sili za mpira zinazozuia oili, maana zimekauka. Lita nne. Ilete nikuwekee."

"Kuweka naweka mwenyewe," akasema Shangazi. Fundi hakubishana naye. Nani anabishana na mtu aliyempa dawa chungu utotoni?

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, nami nilikuwepo na kalamu mkononi. Katika miaka thelathini na mmoja Shangazi hakuruhusu mgonjwa yeyote amalize chupa kwa siku moja, na hakuona sababu ya kuanza na Bi Mkubwa. Akaandika: kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni. Kuanzia Jumanne hadi Ijumaa alifungua boneti akamnywesha, nami nikaweka alama. Vikombe vinane, karibu lita mbili. Kumwaga ile ya zamani hakukuwa kwenye kadi, na mimi sikuuliza. Kadi ilikuwa safi mno.

Jumamosi Meneja alifika na gari lake la miaka miwili, kamba mpya begani. "Nitakuwa nyuma yako karibu kabisa, Mama. Usiwe na wasiwasi."

Tulipoanza kupanda, Bi Mkubwa akatoa moshi ambao sijauona hata jikoni kwetu kuni zikiwa mbichi. Nikigeuka nyuma, barabara haipo. Simu ikalia.

"Mwambie Mama sioni hata boneti yangu," alisema Meneja.

"Mwambie asimsogelee hivyo," alisema Shangazi. "Mgonjwa anahitaji hewa."

Baada ya kona mbili akapiga tena, sauti imenywea. Alikuwa mtaroni. Shangazi akanyakua simu, akahakikisha hajaumia, akamwambia amsubiri palepale. Kisha akaendesha mpaka kwa Bibi, akamfanya atie dole gumba kwenye kadi: amefika saa nne na dakika kumi.

Ndipo tukampigia fundi.

"Daktari, ile oili ya zamani uliimwaga?"

Shangazi akanitazama. Nikaitazama kadi.

"Basi imejaa kupita kiasi, ndiyo hiyo inayoungua moshi. Usiwashe tena," fundi alisema. "Mngeniulia injini bure. Punguzeni mpaka ifike alama ya juu kwenye kijiti cha kupimia oili."

Nikaingia chini ya gari na beseni la Bibi, nikatoka mweusi hadi masikioni. Tukateremka hadi mtaroni, moshi umebaki ule wa kawaida, na kwa kamba ileile mpya tukamvuta Meneja. Nilimwona kwenye kioo: mikono yote miwili mbele, kwenye usukani, anaitazama kamba yake.

Gari lake lililala uani kwetu kusubiri bampa. Hakuna aliyekumbuka kumzuia yule mtu wa vyuma chakavu. Jumatatu saa mbili akabisha hodi na lori lake.

"Niliambiwa nichukue gari lililovutwa Jumamosi," akasema. "Ni lipi?"

Meneja akarudisha mikono nyuma. Shangazi akaweka chini kikombe chake, akanyoosha kidole.

"Lile jipya," akasema.